Fuvu hudanganya, na simu nayo hudanganya

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tutoe neno juu ya makala mliyochapisha kuhusu watu wanaoikataa sauti yao wenyewe wakiisikia kwenye rekodi. Mwandishi wenu alilimaliza jambo kwa sentensi mbili: ukizungumza unajisikia kupitia mifupa ya kichwa, rekodi haina mifupa, basi hiyo ya kwenye rekodi ndiyo sauti yako halisi na huna budi kuizoea. Hakusema uongo. Ila kaishia njiani, na kipande alichokiacha ndicho kinachomfaa msomaji, kwa kuwa ndicho kinachorekebishika. Baadhi yetu tulioandika barua hii ni mafundi wa kurekodi, wengine ni wapimaji wa usikivu. Lalamiko hili hutufikia sote, studio na kliniki, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na hiyo mifupa, maana hata yenyewe haikuelezwa ikaeleweka.

Sauti huanzia kwenye zoloto, pale nyuzi za sauti zinapofunguka na kujifunga: kwa mwanamume mzima mara 85 hadi 155 hivi kwa sekunde, kwa mwanamke mzima mara 165 hadi 255 hivi, kwa mtoto mara 300 au zaidi. Mitetemo hiyo ikishazaliwa hugawanyika. Sehemu yake hupanda kooni, ikatoka mdomoni na puani, ikazunguka shavu hewani mpaka kwenye tundu la sikio. Hiyo ndiyo njia ya hewa. Sehemu nyingine haitoki nje kabisa. Hutikisa nyama za shingo, taya na fuvu zima, na kwa kuwa koklea, kiungo kidogo kinachogeuza mtetemo kuwa ishara ya neva, imechimbiwa ndani ya mfupa mgumu wa pembeni mwa fuvu, mtetemo huo huifikia bila kukiomba ruhusa kiwambo cha sikio.

Njia hii ya mfupa nayo si moja. Kuta za tundu la sikio hutetemeka na kumwaga sauti ndani ya tundu lenyewe. Vifupa vitatu vya sikio la kati hubaki nyuma kidogo fuvu linapotikisika, na kubaki nyuma huko kuna matokeo yale yale ya kusukumwa. Mfupa unaoizunguka koklea nao hubanwa na kuachiwa, majimaji yaliyomo yakasogea. Ile ya kwanza msomaji anaweza kuithibitisha sasa hivi bila kifaa. Fumba mdomo, guna "mmm" kwa nguvu ya kawaida, kisha ziba sikio moja kwa kidole pasipo kukandamiza. Sauti itahamia upande ulioziba, na itanenepa. Hukuongeza nguvu yoyote. Sauti nzito zilizokuwa zikivuja kupitia tundu lililo wazi sasa zimefungiwa ndani. Chini ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, ongezeko hilo linaweza kuzidi desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ndilo linalomfanya mtu aliyevalishwa kifaa cha usikivu kwa mara ya kwanza alalamike kwamba anazungumza kama aliyetumbukizwa pipani, na dawa yake kwa kawaida ni kutoboa kwenye kifaa kijitundu cha upana wa milimita 1 hadi 3 ili ule uzito upate pa kutokea.

Georg von Békésy, mzaliwa wa Budapest aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa uchunguzi wake juu ya koklea, alichapisha mwaka 1949 vipimo vya jambo hili hili. Alikadiria kwamba njia ya hewa na njia ya mfupa humfikishia msemaji sauti yake kwa nguvu zinazokaribiana. Kwa hiyo anayeisikiliza rekodi yake hakuongezewa kitu kigeni. Amenyang'anywa mkondo mmoja kati ya miwili aliyoizoea tangu utotoni.

Sasa hapo ndipo wengi huteleza, wakasema mfupa huongeza besi na basi. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba mfupa hushika usukani hasa kati ya hezi 700 na 1200 hivi, yaani katikati kabisa ya maneno, mbali na mngurumo wa chini. Tena nguvu yake hubadilika kwa kila kitamkwa. Irabu zinazofunga mdomo, i na u, pamoja na nazali m, n na ng', husafiri kwa mfupa kwa nguvu kuliko a, ambayo mdomo ukishapanuka humiminika hewani. Tamka "mimi" kisha "baba" masikio yakiwa yamezibwa kwa vidole, utaisikia tofauti hiyo waziwazi. Ndiyo maana hakuna mtu aliyewahi kupata mpangilio mmoja wa vitufe vya besi na trebo unaoigeuza rekodi iwe sawasawa na sauti ya ndani ya kichwa. Unaloliongeza ili kuitengeneza "mimi" litaiharibu "baba". Kwa anayetaka kuonja tu, pa kuanzia ni hapa: inua kila kilicho chini ya hezi 400 kwa desibeli 3 hadi 6, shusha kila kilicho juu ya hezi 3000 kwa desibeli 6, kisha sikiliza kwa hedifoni. Haitafika, lakini itasogea.

Jambo la pili makala yenu haikuligusa kabisa, nalo halihusiani na mifupa. Mdomo unatazama mbele, masikio yako ubavuni. Sauti nzito zenye mawimbi marefu hulizunguka fuvu bila taabu, ila sauti nyembamba za s, sh, f na ch hurushwa mbele na kwenda zao; sikio la msemaji hupata mabaki. Maikrofoni iliyowekwa mbele ya uso huzipata zote. Hata tungeweza kuizima njia ya mfupa kabisa, rekodi bado ingekuwa kali na yenye mchakacho zaidi ya anavyojisikia mwenyewe. Mtu akilalamika kwamba kwenye rekodi ana "s" za kuudhi, mara nyingi meno yake hayana kosa. Alikuwa nazo siku zote, ni yeye peke yake ambaye hakuwa akizisikia.

Hili linaweza kujaribiwa kwa magazeti mawili manene ya kurasa nyingi au mafaili mawili magumu. Yasimamishe wima, moja kila upande, makali yake yakigusa uso kati ya taya na sikio, yakitokeza pembeni kama vizuizi, kisha zungumza. Njia fupi ya kutoka mdomoni kwenda sikioni imezibwa. Unachosikia kwa hewa ni kile kilichokwisha kugonga kuta za chumba na kurudi. Yaondoe na kuyarudisha huku ukiendelea kuhesabu moja hadi kumi. Mfupa bado upo, kwa hiyo si rekodi kamili, lakini watu wengi hushtuka namna sauti inavyosogea kuelekea ile wanayoikana. Njia nyingine ni kusema ukiwa umeuelekea ukuta mgumu kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ili zile s zilizokuwa zikitoroka zirudishwe.

Kuna na mambo mawili yatendekayo ndani ambayo tutayapita haraka. Kabla tu ya mtu kutoa sauti, misuli midogo ya sikio la kati hujikaza na kupunguza sauti nzito zinazoingia. Na ubongo, kwa kuwa unajua ni nini kinakaribia kusemwa, hupunguza mwitikio wa sehemu yake ya kusikia. Ukisikiliza rekodi ulinzi huo haupo: umekaa kimya, misuli imelegea, ubongo unaipokea sauti hiyo kama ya mgeni aliyebisha hodi.

Kosa moja tungependa lifutwe kabisa. Watu husema, "Kwenye rekodi sauti yangu iko juu." Kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, hakikubadilika. Nyuzi za sauti zikitetemeka mara 120 kwa sekunde, mfupa husafirisha 120, hewa husafirisha 120 na maikrofoni huandika 120. Kilichobadilika ni uwiano wa sauti nzito na nyembamba zilizopanda juu ya kidatu hicho, na sikio likikosa uzito hudhani kimepanda. Kupima ni rahisi: cheza rekodi ya neno lenye irabu ndefu, kisha guna pamoja nayo. Mkiungana, kidatu ni kile kile. Msipoungana, kuna hitilafu ya kweli, na mara nyingi ni hii: faili limerekodiwa kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, likachezwa na programu inayodhani ni 48,000. Hapo mtu huenda kasi kwa karibu asilimia 9 na hupanda karibu nusutoni (hatua ndogo ya ngazi ya muziki) moja na nusu. Huo si mtazamo wa kichwani, ni faili lililotajwa vibaya, na hurekebishwa kwa kuiambia programu ukweli.

Kosa hilo la mwendo lina historia ya kuchekesha. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alipata hataza mwaka 1857 ya mashine iliyochora mawimbi ya sauti kwenye karatasi yenye masizi, ila haikuweza kuyarudisha yakasikika. Yeye alitaka yasomwe kwa macho tu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliigeuza kwa kompyuta karatasi yake ya mwaka 1860 kuwa sauti, na waliosikia walidhani ni msichana anayeimba. Baadaye ikabainika mwendo ulikuwa umezidishwa maradufu. Ulipopunguzwa ikatoka sauti ya mwanamume anayeimba taratibu, na huenda ni Scott mwenyewe. Kabla ya fonografu ya Thomas Edison mwaka 1877 hapakuwa na binadamu aliyewahi kuisikia sauti yake ikirudishwa na mashine. Masikio ya wanadamu yamekuwapo muda mrefu mno bila msiba huu.

Sasa tuje kwenye neno "halisi", ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Sauti halisi ya mtu haipo mahali pamoja. Aliyekaa mita moja mbele yako chumbani anasikia kitu kimoja, aliyeko mgongoni mwako kingine, maikrofoni iliyo sentimita 5 kutoka mdomoni kingine. Simu ya kawaida ya mtindo wa zamani hupitisha hezi 300 hadi 3400 tu. Angalia tena zile namba za zoloto: kidatu chenyewe cha mwanamume na cha mwanamke hakipiti kabisa humo! Msikilizaji hukijenga upya kichwani kutokana na sauti za juu zake, na zile s na f, ambazo nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4000, hupotea. Ndiyo sababu majina hulazimika kutajwa herufi kwa herufi. Ukichukua sauti kama hiyo, ukaicheza kwenye spika ya simu yenye ukubwa wa kucha, ambayo chini ya hezi 400 au 500 haina la kusema, kisha ukajiambia "kumbe ndivyo nilivyo", umejidhulumu. Hakuna aliyekaa nawe mezani aliyewahi kukusikia hivyo.

Kabla ya yote, basi, fanya kipimo cha mtu wa pili. Tunashangaa namna kisivyotajwa, ilhali kinamaliza nusu ya ubishi kwa dakika tano. Mkalishe mtu ambaye sauti yake unaijua vizuri pale pale ulipokaa wewe, umbali ule ule, kifaa kile kile, asome maneno yale yale. Sikiliza rekodi zote mbili kwa spika au hedifoni zile zile. Ikiwa naye amekuwa mwembamba, ana mwangwi na pua imeziba, tatizo ni chombo, chumba au spika, na lako litapona pamoja na lake. Ikiwa yeye ni yeye kabisa na ni wewe tu uliyebadilika, basi hapo ndipo fuvu linapohusika, na hakuna kitufe cha kugeuza. Kisha mpe yeye rekodi yako aisikilize. Akisema "ni wewe, ila uko mbali", mwamini. Sikio lake halina upendeleo wa mfupa.

Ili kipimo hicho kiwe cha haki, rekodi yenyewe iwe ya haki. Chagua chumba chenye mapazia, godoro au nguo nyingi, usikae karibu na ukuta mtupu. Piga kofi moja: ukisikia mlio wa chuma unaofuatia, hama. Tafuta maikrofoni ya simu ilipo, kwa kawaida kijitundu kilicho ukingo wa chini, na uhakikishe kava au kidole hakijaiziba. Ishike au uisimamishe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige moja kwa moja.

Usiilaze simu mezani. Kosa hili ni la kawaida mno na madhara yake hayafahamiki. Sauti hufika mara mbili, moja kwa moja na baada ya kugonga ubao wa meza, na zinapokutana zikiwa zimepishana huuana katika masafa fulani, yaani kwenye idadi fulani za mitetemo kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Njia ya pili ikiwa ndefu kwa sentimita 34, inachelewa milisekunde 1, na hapo hezi 500, 1500 na 2500 hudhoofika au kufutika. Unachosikia ni sauti yenye mashimo, kama inayotoka bombani. Mtu huilaumu pua yake.

Tumia programu ya kurekodi, si ya kutuma ujumbe, kwa kuwa zile za ujumbe huminya faili ili liwe dogo. Ikikuruhusu kuchagua, chagua WAV, aina ya faili lisilominywa, sampuli 44,100 au 48,000, na uzime kupunguza kelele na kurekebisha nguvu kwa kujiendesha. Hicho cha mwisho hupandisha sauti kila unaponyamaza, chumba kikajaa vuma la feni na pumzi zako, kisha hukukandamiza unapoanza neno. Vilele vya sauti yako viwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kifaa. Vikigonga sifuri hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudishwi na fundi yeyote. Anayekuahidi vinginevyo atakulainishia makovu tu.

Zungumza dakika tatu na uitupe ya kwanza. Mtu akiona kitufe kimewaka hukaza koo, hupandisha kidatu na hukimbia. Huku kupanda ni kwa kweli, tofauti na kule tulikokukana hapo juu. Afadhali umweleze mtu jambo kuliko kusoma, maana wengi wetu tukisoma tunatoa sauti ambayo hatuitumii popote pengine.

Kusikiliza nako kuna masharti. Hedifoni za kufunika masikio au spika kubwa, na nguvu ifanane na ya mtu anayezungumza mita moja mbele yako, takribani desibeli 60. Ukisikiliza kwa sauti ndogo besi hupotea kwanza: watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza wepesi wa kusikia sauti nzito kadiri nguvu inavyoshuka. Watu wengi husikiliza rekodi zao kwa siri, kwa sauti ya chini, kwa aibu, na hivyo huzifanya nyembamba zaidi wao wenyewe.

Kwa wanaotumia maikrofoni za studio, kuna mtego wa upande wa pili. Maikrofoni inayosikia upande wa mbele zaidi ya nyuma huongeza besi ukiisogelea, hasa chini ya sentimita 10. Watangazaji wanaipenda kwa sababu inawarudishia kitu kinachofanana na fuvu lao. Msikilizaji, ambaye hakuwahi kuwa ndani ya fuvu hilo, anapata mngurumo na maneno yasiyoshikika, pamoja na vipasuo p na b vinavyolipuka. Kaa sentimita 15 hadi 20, iinamishe maikrofoni nyuzi 30 hivi kutoka mstari wa mdomo, weka kichujio cha kitambaa sentimita 5 hadi 10 mbele yake, na ukate kila kilicho chini ya hezi 80. Kwa sauti ya kuzungumza humo kuna mtikisiko wa meza na vuma la umeme, maneno hayamo. Na mteja akisema "ongeza besi, bado siyo mimi", msimamo wetu ni kumkatalia kwa upole. Desibeli 2 au 3, sawa. Zaidi ya hapo kati ya hezi 200 na 400 sauti huwa tope, na anayetopewa ni msikilizaji.

Kujisikia kwenye hedifoni wakati ule ule unaposema ni taabu nyingine, na hapa mfupa hurudi kwa kishindo. Sauti ya mfupa hufika papo hapo. Ya hedifoni ikichelewa milisekunde chache tu zinapambana kichwani, sauti ikawa ya bati. Ikichelewa karibu milisekunde 200 mtu huanza kupata kigugumizi na kurudia silabi, jambo ambalo mtafiti Bernard Lee alilieleza mwaka 1950. Hedifoni zisizo na waya mara nyingi zina ucheleweshaji wa kutosha kuleta balaa hilo, kwa hiyo tumia zenye waya, na uwashe usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kifaa usiopitia kompyuta. Ikiwa ucheleweshaji haupo na bado sauti ni tupu katikati, jaribu kitufe cha kugeuza polariti: huenda mawimbi ya hedifoni yanasukuma wakati mfupa unavuta. Rekodi haibadiliki hata chembe, anayebadilikiwa ni msemaji peke yake. Wengine huvua upande mmoja wa hedifoni, nayo ni tiba nzuri tu, maana sikio lililofunikwa hulimbikiza uzito kama lile la kidole.

Kuhusu uchungu wenyewe, kwamba mtu anafadhaika na hashangai tu, Philip Holzman na Clyde Rousey wa Marekani waliandika mwaka 1966 kwamba masafa yaliyopotea hayatoshi kuueleza. Rekodi humfichulia mtu wasiwasi, huzuni au kusitasita ambako hakujua kuwa anakutoa. Mwaka uliofuata utafiti wao wa watu wa lugha mbili ulionyesha kwamba waliojifunza lugha ya pili baada ya umri wa miaka 16 walisumbuka zaidi na rekodi ya lugha yao ya kwanza. Na mwaka 2013 watafiti Susan Hughes na Marissa Harrison walichanganya sauti za washiriki na za wengine bila kuwaambia: watu walizipa sauti zao alama za juu kuliko wengine walivyozipa. Basi sauti ile ile, ikikosa jina la mwenyewe, inapendeza. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu ya kutokuwa na haraka ya kulipia mafunzo ya "kurekebisha sauti" kwa sababu ya rekodi moja ya simu. Mazoea hufanya kazi kubwa. Watangazaji na waimbaji wanaojisikiliza kila siku hufika mahali wakaisikia rekodi kama kifaa cha kazi, wakatambua wapi walimeza silabi na wapi walikimbia.

Mwisho ni upande wa kliniki, ambao hauhusu rekodi moja kwa moja lakini huchanganywa nayo. Mtu ambaye ghafla anaisikia sauti yake mwenyewe ikinguruma kichwani, bila rekodi yoyote, apimwe. Mara nyingi ni nta iliyoziba tundu au majimaji ya mafua nyuma ya kiwambo. Wakati mwingine ni mrija unaounganisha sikio na koo kubaki wazi, na hapo mtu husikia hata pumzi yake ikiingia na kutoka. Kwa nadra ni tundu katika mfupa unaofunika mfereji mmoja wa sikio la ndani, hali aliyoieleza daktari Lloyd Minor na wenzake mwaka 1998, ambapo baadhi ya wagonjwa husikia macho yao yakizunguka. Aliyezibika sikio la nje au la kati huelekea kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa kuwa mfupa unampa sauti yake tele. Aliyeharibika koklea au neva huelekea kupaza, kwa kuwa njia zote mbili zimedhoofika. Jamaa wa nyumbani huiona tabia hiyo kabla ya mwenyewe.

Na rekodi ya haki, ile ya sentimita 20 hadi 30 kwenye chumba chenye mapazia, ihifadhiwe na tarehe yake. Ukirudia kwa kifaa kile kile na umbali ule ule baada ya miezi kadhaa, ukakuta ukwaruzo au pumzi inayovuja ambayo haikuwapo, fuvu na simu vyote havina hatia. Ukwaruzo usiokwisha kwa wiki 3 unahitaji daktari wa masikio, pua na koo aangalie zoloto kwa kamera. Rekodi mbili mkononi zitamsaidia kujua ulianza lini.

Wenu,
Mafundi wa kurekodi na wapimaji wa usikivu